Kikombe Nilichokikataa kwenye Kisima cha Barisa

Nasikia nyinyi siku hizi mnasimulia historia ya sayansi kwa dakika moja, mmesimama mbele ya simu, muziki unapigwa chini chini. Mjukuu wangu alinionyesha mmoja wenu, kijana wa Garsen, akieleza habari za yule mtu wa kale aliyepima ukubwa wa dunia kwa kisima na kivuli. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kijana alikuwa anaongea kama mtu anayefukuzwa na nyati, lakini alisimulia vizuri, na mtu yule wa kivuli ni rafiki yangu wa siku nyingi. Ndipo nikasema ngoja na mimi niandike, kabla sijaanza kusahau nani alikuwa nani.

Naitwa Mwanaesha. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa kwenye maktaba moja pale Garsen, chumba kimoja chenye paa la mabati na popo wengi kuliko vitabu. Kwenye karatasi cheo changu kilikuwa msaidizi wa huduma za nje. Maana yake ni kwamba wasomaji wasipokuja, nilibeba sanduku la bati nikawafuata waliko, na wasiojua kusoma niliwasimulia. Hadithi zangu zote zilikuwa za kweli. Zilikuwa za watu waliojua jambo ambalo jana yake hakuna aliyelijua, na jinsi walivyolijua, na nani aliwacheka.

Nimestaafu, nimerudi kwetu Kau, karibu na pale Tana inapoanza kuonja chumvi. Asubuhi mto unakuwa umefunikwa na ukungu. Mitumbwi inapita huioni, unasikia tu upondo wa kusukumia ukigonga ubavu na watu wakisalimiana. Mimi hukaa nyuma ya nyumba na chai yangu, nikaiachia akili iende inakotaka. Naziona nyuso za watu waliokaa mbele yangu, wa Madogo, wa Minjila, wa vijiji vya bondeni, wananitazama wakingoja niseme neno. Wengine walishakufa. Katika usingizi ule wa nusu macho, huwa sijui kama ni mimi ninayewasimulia au ni wao wanaonisimulia mimi.

Na kila asubuhi, ukungu unapoanza kuinuka, nafika mahali pale pale. Ni kwenye kisima kimoja upande wa Minjila, na kikombe cha bati cha rangi ya samawati ambacho nilikataa kukinywa. Hicho ndicho ninachotaka kuwaambia. Mengine nitawadondoshea njiani.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Buya, mkuu wa maktaba wakati naajiriwa, Mpokomo mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa wavu. Mara ya kwanza tulipotoka pamoja alinikataza kufungua sanduku. Tulikaa kijijini siku nzima, tukanywa maziwa, tukasikiliza habari za ndama aliyepotea na za harusi iliyovunjika, tukarudi zetu. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira.

"Leo tumefanya nini, mzee?" nikamuuliza.

"Leo tumejua nani amekosana na nani," akasema. "Kesho utajua pa kukaa."

Alinifunza pia nisianze na jina la mtu. Ukianza na "Mzungu mmoja aligundua," wazee wa Kiorma, wafugaji wale, wanatazamana, na mmoja atakuuliza huyo Mzungu alikuwa amepoteza nini. Anza na kitu alichokishika mkononi. Alishika kipande cha kioo. Alishika fimbo. Wote waliokaa pale wamewahi kushika fimbo, kwa hiyo mmeshakuwa pamoja naye kabla hamjajua alitoka wapi. Na kwa wafugaji, hadithi iishe kabla ng'ombe hawajaanza kulia wakitaka maji. Ng'ombe akishalia, hata kama ulikuwa unaeleza mwisho wa dunia, umebaki peke yako na sanduku lako.

Msiogope kusahihishwa. Madogo, kwenye kivuli cha lori la mifugo, nilikuwa nawaeleza wachuuzi habari za daktari aliyewafunga watu kamba mkononi, akatazama mishipa ikivimba, mpaka akaelewa kwamba damu huzunguka mwilini. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kabisa kwamba moyo una vyumba viwili. Mwenye bucha akaacha kisu chake.

"Vinne, madam. Mimi nafungua kila siku. Njoo uone."

Akaleta moyo wa mbuzi, akaupasua kwa ustadi, akamimina maji ya chupa ndani, na sote tukaona vile vilango vidogo vikijifunga ili maji yasirudi. Watu wazima wakapiga kelele za furaha. Tangu siku hiyo sikuisimulia hadithi ile bila kupitia bucha kwanza. Tukimaliza tulikuwa tunauchoma moyo tunakula, na hapo hata wasiopenda sayansi walihudhuria.

Sasa yule wa kivuli nilimsimulia hapa hapa Kau, kwa shangazi zangu. Nilisimika upondo mchangani siku ya jua la utosi, tukakaa kuuzunguka, tukangoja. Kivuli kikapungua, kikapungua, kikamezwa. Upondo ukabaki umesimama hauna kitu chini yake. Nikawaambia kwamba kulikuwa na mji mmoja wa kusini ambako siku moja katika mwaka jua liliingia mpaka chini ya kisima, na kwamba mtu aliyekuwa mbali kaskazini alilisikia jambo hilo, akapima kivuli cha kwake, akaijua dunia ilivyo kubwa. Shangazi mmoja akainama akatazama chini ya upondo. Halafu akasema, "Kwa hiyo walichungulia kisima wakaona jua." Nikamwambia ndiyo. Akasema angependa kuliona hilo kabla hajafa. Nilimpenda sana siku ile.

Nyinyi mtaniona najisifu. Kweli nilikuwa hodari, na nilijua. Ndiyo maana yakanipata yaliyonipata.

Mwaka ule mto ulitoka kingoni. Wenye umri mnakumbuka. Ulipotulia, bonde zima lilikuwa maji yaliyosimama, mbingu iko chini, yangeyange wanatembea juu ya mawingu. Nilisafiri kwa mtumbwi mahali nilipozoea kupita kwa pikipiki, na chini yangu niliona shamba la mahindi limesimama ndani ya maji, majani yake yanapepea taratibu. Nilijihisi naota. Ulikuwa uzuri wa kutia hofu, maana chini ya maji yale yale vyoo vyote vya shimo vilikuwa vimefurika.

Wiki ya pili kipindupindu kikaingia. Bwana afya wa eneo letu, kijana mchapakazi asiyelala, alikuja maktabani matope yakiwa mpaka magotini.

"Madam Esha, kuna kijiji kimoja cha Waorma, nimewakataza kisima chao mara tatu. Wananiitikia ndiyo ndiyo, nikigeuka wanachota. Wewe wanakusikia. Nenda uwape ile hadithi ya pampu."

Hadithi ya pampu ndiyo iliyokuwa silaha yangu. Zamani, katika mji mkubwa wa Uingereza, kipindupindu kilikuwa kinaua watu mtaa mzima, na mabingwa wote walisema kinaletwa na harufu mbaya hewani. Daktari mmoja hakukubali. Alitembea mlango kwa mlango akiuliza waliokufa walikunywa maji gani, akaona wengi mno walichota kwenye pampu moja. Akawaomba wakubwa wa mtaa wang'oe mpini wake. Wakaung'oa. Mimi nilikuwa nakatisha hapo, kwa sauti ya chini, halafu nanyamaza. Watu walikuwa wanashusha pumzi. Sikuwahi kusimulia kilichofuata, kwa sababu sikuwahi kukisoma.

Nilikuwa na picha ya hadithi hiyo. Mchoraji wa mabango pale Garsen alinichorea kwenye kitambaa kikubwa cha turubai. Kulikuwa na pampu, na pembeni yake Mauti yenyewe, mifupa mitupu, imeshika mpini ikiwapampia watoto maji. Nilikuwa naipenda sana picha ile. Nilikuwa nainingʼiniza mahali ambapo kila mtu angeiona.

Kijiji kile nilikuwa nimewahi kufika mara moja tu, na kwa haraka. Kisima chao kiko katikati, kimezungushiwa ua wa miiba na nguzo nne. Kilikuwa kisima cha Barisa. Barisa alikuwa kijana wa pale aliyekufa ajalini, ndani ya lori la ng'ombe. Mama yake aliuza ng'ombe wote wa marehemu, akawalipa wachimbaji, akasema hii ni sadaka jaria ya mwanangu. Mnajua maana yake. Ni sadaka isiyokatika. Kila anayekunywa pale, thawabu inamfikia aliyelala kaburini. Kwa hiyo watu wa kijiji kile hawakuwa wanakunywa maji tu. Mtu akipokea kikombe alisema, "Mungu amrehemu Barisa," ndipo akanywa, na mama yake alikuwa anakaa karibu na kisima asubuhi na jioni ili ayasikie maneno yale.

Mimi ni Mwislamu wa Kau. Haya yote niliyajua. Lakini nilikuwa na haraka, na nilikuwa na picha nzuri, na nguzo za kisima zilikuwa na urefu uliofaa. Nikafunga turubai langu kwenye ua wa kisima cha Barisa.

Nilisimulia vizuri kupita siku zote. Sauti ilinitii. Nilipofika kwenye mpini nikanyamaza kama kawaida yangu, nikangoja waishushe ile pumzi. Hawakuishusha. Walikuwa wanaitazama Mauti imesimama juu ya kisima cha mtoto wao, na mimi niko kando yake nimenyoosha kidole.

Mama Barisa akainuka. Alikuwa mwembamba, mrefu, shuka yake safi. Hakunitazama. Akashusha ndoo ya mpira wa gurudumu kwa kamba, akavuta, akajaza kikombe cha samawati, akampa mzee aliyekuwa karibu. Mzee akasema, "Mungu amrehemu Barisa," akanywa. Akajaza tena. Akampa mwingine. Wakaja mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyeniangalia. Wote walinywa kwa ajili ya heshima ya mwanamke yule, na ni mimi niliyewafikisha hapo. Laiti ningenyamaza, pengine nusu yao wangeendelea kuchemsha maji kimya kimya majumbani.

Halafu akaniletea mimi. Kikombe kimejaa. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikayaona maji yametulia, safi kabisa kwa macho, na ndani yake kipande cha mbingu.

"Siwezi, mama," nikasema. "Nisamehe, siwezi."

Akakichukua kikombe mkononi mwangu, bila ukali wowote, akageuka. Mjukuu wake alikuwa ameshika shuka yake, mtoto wa kike wa Barisa, Halima, bado hajaanza shule. Akampa. Mtoto akasema maneno ya kumrehemu baba yake kwa sauti ya nguvu, jinsi watoto wanavyosema kitu walichokikariri, akanywa chote.

Kilikuwa mikononi mwangu kikombe kile. Ningekiachia kidondoke tu. Ningejikwaa. Watu wangesema mwalimu huyu mjinga hata kikombe hawezi kushika, na ingekuwa imekwisha.

Kesho yake nilivuka mto kwenda kwa Mzee Buya. Alikuwa ameshastaafu, macho yamepungua nguvu, anasuka mtego wa samaki kwa vidole tu. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kitambaa ulikifunga wapi?"

"Kwenye ua wa kisima."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. "Kitabu cha hadithi hiyo," akasema, "umekisoma mpaka ukurasa wa mwisho?"

"Nilikisoma mpaka mpini."

"Basi nenda ukamalize."

Nikiwa bado kwenye mtumbwi bwana afya akapiga simu. Watu watano wa kijiji kile walikuwa wamelazwa zahanati, na mmoja wao ni mjukuu wa Mama Barisa, naye ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote. Sikumbuki nilishukaje mtumbwini. Nakumbuka nimekaa sakafuni maktabani, popo wanalalamika juu yangu, nasoma huku machozi yananikatiza mistari.

Kumbe kulikuwa na nusu nyingine ya hadithi. Kulikuwa na kasisi kijana wa mtaa ule aliyewajua watu wake kwa majina, na hakumwamini daktari hata kidogo. Alitoka kwenda kuuliza ili amwonyeshe kwamba amekosea, na kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona kwamba daktari amesema kweli. Ni kasisi huyo aliyempata mama mmoja aliyeishi hatua chache kutoka kwenye pampu. Mtoto wake mchanga aliugua mwanzoni kabisa. Mama alifua nepi za mtoto, maji akayamwaga kwenye shimo la uchafu la nyumba, shimo likavuja, uchafu ukaingia kwenye kisima cha pampu. Mtoto alikufa. Mama hakuwa anajua chochote. Na ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua hata kabla mpini haujang'olewa, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia. Na mpini wenyewe ulikuja kurudishwa. Miaka yote mimi nilikuwa nasimulia daktari na Mauti, na mama mwenye mtoto nilimwacha ndani ya kitabu.

Nilifika zahanati mchana. Mama Barisa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, dripu inatiririka kwenye mkono wa mtoto, na yeye anamlowesha midomo kwa kijiko cha maji ya chumvi na sukari. Halima alikuwa amekauka, macho yameingia ndani. Nikakaa chini, kwenye saruji. Mzee Buya alikuwa amenifunza pa kukaa.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

Kijiko kilienda na kurudi.

"Kikombe ilikuwa kwa mkono yako," akasema hatimaye. "Wewe ulijua. Kwa nini hukumwaga?"

"Niliona aibu mbele ya watu. Niliogopa kukuvunjia heshima zaidi."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi pia niliona aibu. Mimi nilijua kidogo. Choo ya jirani ilijaa maji, ikakuja mpaka huko kwa kisima, mimi niliona na macho yangu. Lakini watu wakiacha kunywa, Barisa anapata nini? Yeye iko peke yake huko chini. Hana kitu ingine. Ni hiyo maji tu."

Nililia. Yeye hakulia. Akaniambia niendelee kama nina neno, maana hawezi kulala na hawezi kusali vizuri. Nikamsimulia nusu ile ya pili, polepole, bila sauti yangu ya jukwaani. Nilianza na nepi mkononi mwa mama.

Alinikatiza mara nyingi. "Hiyo bibi walimpiga?" Nikasema sikusoma mahali popote kwamba alipigwa wala kulaumiwa. "Sheikh yao alisema nini?" Nikamweleza kasisi alivyotoka kumpinga daktari akarudi upande wake. Hilo lilimpendeza. "Hiyo kitu ya kuvuta maji, walirudisha?"

"Walirudisha."

"Walisafisha kwanza?"

"Hapana, mama. Wakubwa hawakutaka kukubali kwamba uchafu uliingia."

"Sasa hao ni wajinga," akasema, na hapo kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. Akamgeuza mtoto ubavu. Kisha akauliza, "Mtoto ya hiyo bibi aliitwa nani?"

"Kitabu changu hakikumtaja jina."

"Waliandika pampu na hawakuandika mtoto," akasema.

Tulikaa. Nje punda alikuwa analia, jua limefika mpaka mlangoni. Alikuwa anamtazama Halima lakini akili yake iko mbali, na mimi nilijua iko wapi. Baadaye akasema, kama mtu anayeongea usingizini, "Mtu akikunywa akapona, hiyo inaenda kwa Barisa. Akikunywa akakufa, hiyo inaenda kwa nani?" Hakuwa ameniuliza mimi.

Mtoto alipona. Nawaambia mapema ili msiwe na wasiwasi kama niliokuwa nao. Siku ya tatu aliomba chai, akaikataa kwa sababu haina maziwa, na wauguzi wakacheka kwa furaha. Wale wengine wanne walipona pia. Sikustahili bahati hiyo, na kila nikiikumbuka namshukuru Mungu.

Mama Barisa alirudi kijijini akiwa amembeba mtoto mgongoni, na kabla hajaingia nyumbani kwake alikwenda kisimani. Sikuwepo, bwana afya ndiye aliyeniambia. Alifungua kamba kwenye nguzo, akaikunja, akaitundika begani pamoja na ile ndoo ya mpira. Watu wakatoka kumtazama. Akawaambia, "Kisima ya Barisa inapumzika. Mtu asiguse." Akaenda nayo nyumbani, akaiweka chini ya kitanda chake. Hakuna aliyechota pale tena, hata mmoja, hata kwa kujificha. Bwana afya alikuwa amekataza mara tatu kwa karatasi yenye muhuri, na hawakumsikia.

Turubai langu nililipeleka kwa mchoraji. Nikamwambia aifute Mauti, mahali pake achore mama amempakata mtoto. Akaniuliza mama wa kizungu au wa kwetu. Nikamwambia achore mama tu, atajua mwenyewe. Akachora mtu aliyefanana na dada yake.

Maji yalipokauka bondeni, vijana wa kijiji walichimba vyoo vipya mbali na kisima, upande ambako ardhi inateremka. Kisima chenyewe kikajengwa ukingo wa mawe na saruji kufikia kiuno, kikatolewa maji yote, kikatiwa dawa, maji yakapelekwa kupimwa mara mbili. Ilichukua miezi. Miezi yote hiyo kamba ilikuwa chini ya kitanda, na nilijua kwamba kwake kila siku ilikuwa siku ambayo Barisa hapati kitu. Nilikwenda kumtembelea mara kwa mara bila sanduku. Tulikunywa chai.

Siku ya kukifungua aliniita. Nilifikiri atataka nisimulie, nikaanza kukohoa kusafisha koo, akaniashiria nikae. Alisimama yeye. Alisimulia kwa Kiorma, nami Kiorma changu ni cha sokoni, lakini nilifuata mikono yake. Niliona daktari akibisha milango. Niliona kasisi akikunja uso. Niliona nepi ikifuliwa, ikikamuliwa, maji yakimwagwa, naye akasimama hapo muda mrefu, mikono imeloa maji yasiyokuwepo. Wanawake walishika vinywa. Pampu ilikuwa imegeuka kamba, na mji ule mkubwa, kwa nilivyoona mkono wake ulivyoelekea, ulikuwa umehamia mahali fulani karibu na Minjila. Sikumsahihisha. Jambo lenyewe lilikuwa kweli tupu.

Kisha akaileta kamba, akaifunga, akashusha ndoo. Akajaza kikombe cha samawati, na wa kwanza kumletea nilikuwa mimi. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama siku ile.

"Mungu amrehemu Barisa," nikasema.

Nikakiinua, lakini aliweka kidole juu ya ukingo wa kikombe. "Na yule mtoto," akasema. "Yule ya bibi ya pampu."

Mzee mmoja nyuma akanong'ona kwamba yule hakuwa wa dini yetu. Mama Barisa hakugeuka hata shingo. "Mtoto mdogo hana kosa," akasema. "Na yeye pia iko peke yake."

Nikamtaja na yeye, kwa kuwa hana jina nikamtaja hivyo hivyo, nikanywa. Maji yalikuwa baridi, yana ladha ya dawa kwa mbali. Nilikimaliza chote.

Bwana afya huwa ananipa habari zao. Anasema ndoo ikishuka pale, mpaka leo, mtu humtaja Barisa, kisha humtaja mtoto wa pampu, ndipo akanywa, na watoto wadogo wa kijiji kile wanaamini kwamba wawili hao walikuwa ndugu.